Mgongo wa Saba

Mimi ni wa nane. Nanga, ndivyo wanavyoniita.
Kamba hunipita kwapani, ikanikata mgongo mshazari,
ikashukia begani kama mshipi wa mzigo usiofika.
Uso wa mpinzani siujui.
Kazini kwangu hakuna sura, kuna migongo.

Wa Seraina, hapa mbele yangu, una alama nyekundu chini ya shingo.
Wa Käthi huanza kutetemeka kabla mwenyewe hajajua kuwa amechoka.
Wa Dorli, tangu ajifungue Februari,
umekaa kama mlango ambao mtu ameusahau wazi.
Na mbele kabisa Regula, nahodha,
namba moja, mwaka wa sita huu.
Wake sijawahi kuuona. Sita wananiziba.

Huku Toggenburg kamba huvutwa kwa kilo:
wanawake wanane, mia tano na arobaini, basi.
Asubuhi ile ya Julai, ndani ya ghala la maziwa,
mizani ikasema arobaini na moja, na gramu mia mbili juu.
Kocha Hansueli akavua kofia, akaivaa tena.
Mizani haina ujirani.

"Dorli," akasema Regula.
Jina tu,
kama mtu anayeonyesha doa kwenye zulia.

Dorli kimya. Maziwa yalikuwa yamemlowesha fulana.
Seraina akamjibia: akavua njumu,
ile yenye bamba la chuma kisiginoni,
akairusha, ikatumbukia horini mwa ng'ombe.
"Basi mwiteni mtoto, aje anyonye kilo nzima!"

Hapo yakatoka yote, hata yasiyohusu uzito:
nani alikosa mazoezi wakati wa kukata nyasi,
nani hupewa lifti na nani husahauliwa kituoni,
watu wa mashamba ya juu, watu wa kiwanda cha jibini,
fedha za jezi, maneno ya mwaka juzi.
Kila mwamba ngoma, ngozi akaivutia kwake,
na sisi kazi yetu ndiyo hiyo, kuvuta.
Tulikuwa hodari.

Mimi nilinyamaza. Nanga hukataa tu kusogea.
Siku ile nikajua kukataa kusogea
nako ni kuchagua upande.

Regula akatoka. Dirishani tukamwona
amevaa koti la theluji, katika jua lile,
anakizunguka kiwanda cha mbao, anakizunguka,
uso umeiva kama nyanya, hamtazami mtu.
Natamani niseme tulimfuata.
Tulikaa. Dorli alihesabu mizunguko kwa sauti,
hadi kumi na tisa.
Aliporudi akapanda mizani, na sindano
ikasitasita, ikatulia.

Tulishindwa, nisidanganye.
Mvuto wa kwanza wetu, wa pili wao,
wa tatu nyasi zikapasuka chini ya kisigino changu
kama shuka kuukuu.
Regula ndiye aliyeanguka wa kwanza.
Miguu yake aliiacha kule, kwenye kiwanda cha mbao.

Alhamisi, mazoezini, hakuna aliyeomba radhi.
Seraina alivaa njumu moja kavu, nyingine imevimba maji.
Kocha alikuwa juu ya ngazi, anafunga mapipa ya zege,
anatukana kapi.
Regula akapaka utomvu viganjani,
akatembea kando ya kamba,
akaipita namba moja, mbili, nne,
akasimama mbele yangu.
"Seraina, nenda mbele. Wewe una mdomo."
Mtu akacheka, sikumjua ni nani;
migongo yote ilitikisika.

Kisha kamba ikanyanyuka, ikakaza,
nami nikauona:
bega la kushoto limeshuka chini ya la kulia,
plasta mbili zimebanduka pembeni,
na jasho, taratibu, linatafuta njia kati ya mifupa.

Huko katikati Käthi akaanza kutetemeka.
"Bado," nikasema.
Miaka sita sikuwahi kusema neno kambani.
"Bado, bado,"
na mgongo ule mbele yangu
ukashuka kidogo, ukakaa.